Jiwe Zima Huimba

Uliwaona. Usiniambie hukuwaona. Ukitoka mjini Mwanza kwa barabara ya Musoma, ukishaipita Igoma, upande wa mlimani kuna moshi mweusi wa matairi, na ndani ya moshi huo kuna watu. Uliona mikono ikipanda na kushuka na nyundo. Ukapandisha kioo cha gari kwa sababu ya vumbi, au kama ulikuwa kwa miguu ukavuta kitenge hadi puani, ukajifanya unasoma simu. Nyumba unayolala imesimama juu ya mawe yao. Ngazi za kanisa lako, msingi wa shule anayosoma mtoto wako, ukuta unaozuia ziwa lisile ua wa ile hoteli uliyofanyia harusi, vyote vilitoka pale. Uliwaona vizuri tu. Ukageuza shingo.

Mimi naitwa Projest. Nimeishia darasa la saba, halafu kiwanda cha kuchambua pamba, halafu mtaa. Mengine nimejisomea mwenyewe, kitabu hiki na kile. Kichwa changu hakitupi kitu. Nakumbuka pale kiwandani tulikuwa na pamba mpaka ndani ya pua, pamba sakafuni, pamba kwenye nywele, lakini aliyethubutu kuchukua kipande akazibia masikio alifukuzwa siku hiyo hiyo, eti hatamsikia msimamizi akimwita. Sikio langu la kushoto nililiacha mle ndani. Kiwanda kilikwisha kufungwa na msimamizi alikwisha kufa, lakini mimi sijasahau.

Sasa nakusimulia habari za Chenge, na safari hii huendi popote mpaka nimalize.

Jiwe la Mwanza unalijua, yale makubwa kama nyumba, yamekaa mlimani kana kwamba kuna mtu aliyapanga. Huwezi kulivunja kwa nyundo peke yake. Watu huwasha moto chini yake, magogo na matairi, likaungua mpaka likachoka, kisha huachwa lipoe. Baada ya hapo macho hayakusaidii. Kwa nje linaweza kuwa lile lile la jana, kumbe ndani limepasuka na limejishikilia tu. Linaweza kukaa hivyo mwaka mzima. Linaweza pia kuondoka na mtu wa kwanza atakayelikanyaga.

Kwa hiyo kila kundi lina msikilizaji. Mwenzake hugonga juu kwa nyundo ndogo, yeye hulaza sikio ubavuni mwa jiwe. Jiwe zima huimba. Hutoa sauti nyembamba, ndefu, kama glasi iliyoguswa na kijiko, na sauti hiyo huisha polepole. Jiwe lililopasuka hukohoa: pu, basi. Likiimba, msikilizaji hunyanyua mkono, na wapandaji hupanda na tindo zao kulikata kuanzia juu. Likikohoa, hakuna anayelikanyaga. Huangushwa kwa mitaimbo na kamba kutoka mbali. Mkono usiponyanyuka hapandi mtu, hata msimamizi apige kelele mpaka akauke koo.

Chenge alikuwa msikilizaji wa kundi linalosimamiwa na Masele. Alianza na nyundo kubwa akiwa kijana, alipozeeka kidogo wakampa kazi ya kusikiliza. Hebu lifikirie hilo. Sikio lililotegemewa na watu wote ni lile lile lililopigiwa nyundo maisha yake yote, chuma juu ya jiwe, asubuhi mpaka jioni, bila hata kitambaa.

Wa kwanza kugundua alikuwa mkewe, Bernadeta. Yeye huponda kokoto chini ya mlima huo huo, na nyumba yao iko karibu na kwangu.

"Baba Gladness, kuku wameingia jikoni, huwasikii?"

"Nawasikia."

"Wanasema nini?"

"Wanasema mama Gladness ana maneno mengi."

Akacheka, Bernadeta. Aliniambia mwenyewe kwamba alicheka. Halafu akaona kwamba mumewe wakati wote wa mazungumzo hakuwa amemtazama machoni. Alikuwa anatazama midomo. Akageuka, akampa mgongo, akasema tena jambo dogo tu kuhusu chumvi. Chenge akaendelea kufunga kamba za viatu.

Alipombana, akakubali. "Kuna kitu kinaimba humu," alimwambia, akigusa upande wa kichwa. "Nikila kinaimba. Nikisali kinaimba. Hakipumui."

"Tangu lini?"

"Ndiyo hicho. Sijui tangu lini. Nilidhani kila mtu anacho."

Bernadeta alifanya kila alilolijua na kila aliloambiwa. Alichemsha mafuta kwa kitunguu saumu, akayapoza, akadondosha. Jirani akasema mafuta hayafiki, tia mafuta ya taa. Wakatia, ngozi ya ndani ikababuka, usaha ukatoka, jirani akafurahi kwamba uchafu umetoka. Wakavuka kwa kivuko kwenda Kamanga, kwa dada yake Bernadeta, ambako kuna mama mmoja anayechanja nyuma ya masikio na kuweka pembe ya kuvuta damu. Damu ilitoka, na kile kitu kichwani kiliendelea kuimba. Kwaya ya jumuiya ikaja kusali nyumbani, na Chenge akasema amepata nafuu ili watu waende wakalale.

Halafu ikaja kwinini.

Hapa lazima nikuambie jambo ambalo watu wa umri wetu huku ziwani wote wanalijua, na vijana wenu hawalijui. Tulikua na kwinini. Malaria ikikupiga, unameza vile vidonge vichungu, na baada ya muda masikio yanaanza kuvuma. Mama anakuuliza, yanavuma? Unaitika kwa kichwa. Mama anasema, Mungu mkubwa, dawa imeingia. Mvumo wa masikio kwetu ulikuwa habari njema. Ulikuwa dalili kwamba mwili umepokea dawa na utapona.

Aliyelileta wazo hilo alikuwa Obedi, aliyezisikia habari za kwinini kwa Chenge mwenyewe. Obedi alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Chenge, akalelewa katika nyumba ya Chenge, akaoa akiwa katika nyumba hiyo, na kwenye machimbo ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda mkono ukinyanyuka. Kijana wa kelele, akicheka unamsikia mpaka barabarani.

"Baba mkubwa," alisema, "hiyo ni malaria ya kichwa, imejificha. Umejaribu kwinini?"

"Hizo bado zipo?"

"Zipo, kwa mwenye duka anayejua kutafuta."

Zikapatikana. Chenge akameza. Siku ya pili mvumo ukapanda, ukawa kama nyuki wamehamia, na yeye akakaa kitandani akitabasamu. "Mama Gladness," akaita, "imeingia." Alipomaliza dozi akaanza nyingine, kwa sababu dawa iliyoingia vizuri namna ile si ya kuiacha njiani.

Nilipopata habari nilikwenda mbio. Nikamwambia kwamba kwinini yenyewe ndiyo inayoumiza sikio, kwamba ule mvumo wa utotoni ulikuwa ni sikio linaloumizwa, na alikuwa anamwaga petroli kwenye moto. Ninacho kitabu kikuukuu cha maradhi ya masikio, hakina jalada, nilikinunua kwa wauza vitabu chakavu pale mjini. Nikamsomea. Nikamsomea jinsi watu wa Misri ya zamani walivyosema sikio linalovuma limerogwa, wakamimina mafuta na ubani kwa mrija wa unyasi. Jinsi huko Ulaya mgonjwa alivyokatiwa mkate unaotoka tanurini, nusu sikio hili, nusu lile, ukiwa moto vile vile. Wengine walidhani kuna upepo umefungiwa kichwani, wakashauri kutoboa mfupa nyuma ya sikio ili utoke. Wengine wakapitisha umeme. Na mmoja tu, Mfaransa, akasema mgonjwa akae karibu na moto unaovuma au maji yanayokwenda, ili sikio lipate sauti nyingine ya kushikilia.

Chenge alinisikiliza kwa macho, kama alivyokuwa amezoea.

"Wa mkate," akasema, "walipewa na chai?"

"Chenge, sifanyi mzaha."

"Na mimi sifanyi. Projest, wewe umeniletea miaka elfu ngapi sijui, na hakuna hata mmoja aliyepona. Basi mama Gladness ana kosa gani?"

Nilikasirika, si kwa sababu yake. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Tangu enzi hizo mtu wa kawaida akiumwa sikio anamiminiwa kitu. Vitabu vimebadilika, vyumba vya hospitali vimebadilika, na bado jirani anakuja na kopo la mafuta ya taa. Walioendelea wameendelea bila kutuambia.

Tulimshika mikono miwili, mimi na Bernadeta, tukampeleka hospitali mjini. Kulikuwa na daktari wa masikio, dada mmoja anaitwa Hellen. Mimi nilikaa kwenye benchi nje. Yaliyotokea ndani alinieleza Bernadeta siku hiyo hiyo, tukiwa bado tunatembea.

Hellen alimwamkia vizuri, shikamoo baba, akamkalia mbele uso kwa uso, akasema taratibu bila kupiga kelele. Akamwingiza kwenye kijumba kidogo chenye kioo, akamvalisha vitu vya masikioni, akampa kitufe mkononi. Kila utakaposikia sauti, bonyeza. Chenge akaanza kubonyeza. Akabonyeza, akabonyeza, uso umekunjamana kama mwanafunzi anayetaka kufaulu. Hellen akafungua mlango.

"Baba, bado sijapiga sauti yoyote."

"Mbona naisikia?"

"Unayoisikia iko kichwani mwako. Mashine iko kimya kabisa."

Bernadeta anasema mumewe aliitazama ile mashine kwa muda, kama mtu aliyedanganywa na ndugu.

Hellen hakumficha. Sehemu ya sikio iliyokufa hairudi, si hapa wala kwingine duniani. Kilichobaki kinaweza kulindwa. Aache mafuta ya taa, aache pembe, na kwinini asiiguse tena bila daktari. Kwa ule mvumo, asikae kwenye ukimya mtupu. Akae penye upepo, penye maji, awashe redio ndogo. Kuna kifaa cha kuvaa sikioni, atamwombea.

"Na kazi yako ni nini, baba?"

"Mkulima," akasema Chenge.

Bernadeta alitazama sakafu.

"Basi ukiwa karibu na trekta au mashine ya kusaga, ziba masikio."

"Nitaziba," akasema Chenge, kama mtu mwenye trekta.

Nilimvaa pale pale nje ya geti. Nikamuuliza kwa nini amemdanganya daktari.

"Ningesemaje? Kwamba msikilizaji hasikii?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo!"

"Nikishushwa pale nitakuwa nani? Mzee wa kukaa chini kuponda kokoto na wanawake?"

Bernadeta akasimama. "Kumbe mimi ni nini?" akauliza.

"Obedi anapanda kwa mkono wako," nikamwambia.

Hilo alilisikia, ama aliliona mdomoni mwangu. Akanisogelea mpaka nikahisi pumzi yake. "Obedi ni mwanangu. Nimemlea mimi. Unadhani wewe unampenda kuliko mimi? Mawe nayajua. Hata nikiwa kaburini nitayajua."

Nikaenda kwa Masele. Mbele ya kundi zima nikasema waziwazi: msikilizaji wenu masikio yamekwisha, mwekeni mwingine, na hawa wote wanaopiga nyundo wapewe vifunika masikio leo. Masele ni mtu mnene, mcheshi, ana sauti ya mnada.

"Jamani, nshomile amefika," akasema. Ndivyo Wasukuma wanavyotutania sisi Wahaya, kwamba tukisoma kurasa mbili tunajiona wasomi. "Projest, hivi msikilizaji aliyeziba masikio umemwona nchi gani?"

Watu wakaangua kicheko. Obedi akacheka kuliko wote.

"Mpime basi," nikasema. "Mpime hapa hapa."

Masele akamgeuza Chenge ampe mgongo. Chenge akaegemea bamba kubwa la jiwe, mkono umelala juu yake. Masele akagonga upande huu. "Zima," akasema Chenge. Akagonga upande ule. "Limekufa." Akagonga tena. "Zima." Hakukosea hata mara moja. Wapiga nyundo wakashangilia.

"Anasikia kwa kiganja!" nikapiga kelele. "Mwondoeni mkono juu ya jiwe!"

"Na wewe unasikia kwa mdomo," akajibu Masele, na hapo nikawa nimekwisha.

Sikukaa. Nilikwenda kwenye ofisi moja inayohusika na usalama kazini, nikaambiwa mhusika yuko kwenye semina Nansio, nirudi Jumatatu. Nilirudi. Semina ilikuwa haijaisha. Nikamfuata mtu mmoja mwenye malori anayebeba mawe yale, akaniuliza, mzee, wewe ni nani hasa? Nikarudi nyumbani nikitukana barabara nzima, na wewe unaweza kuwa ulinipita hapo ukasema, yule mzee leo amelewa.

Jiwe lililofuata lilikuwa kubwa kuliko yote waliyoyagusa mwaka huo. Lilikuwa limekaa juu peke yake, watu walishalipa jina, Askofu. Liliungua tangu Ijumaa. Lilipopoa, asubuhi kweupe, jua limeshapanda juu ya ziwa, kundi likakusanyika. Mimi nilikuwa chini na Bernadeta. Nilikuwa nimefunga vitambaa na vipande vya sifongo vitakavyotosha kundi zima, nikisema nitawapa mmoja mmoja, hata wakinicheka.

Kijana mmoja anaitwa Luhaga ndiye aliyegonga. Chenge akalaza sikio. Kiganja hakikumsaidia safari hii. Jiwe lilikuwa nene mno kwa nyundo ndogo kulitikisa. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida. Askofu akaimba. Sauti nyembamba, ndefu, safi kama jiwe lolote zima alilowahi kulisikia maishani. Akanyanyua mkono.

Obedi akapanda. Tindo kiunoni, nyundo begani, anapanda huku anawatukania wenzake uzembe wao.

Kinachofuata Chenge alinieleza mwenyewe baadaye. Alitoa sikio lake kwenye jiwe. Na jiwe likaendelea kuimba.

Akasimama. Akalaza sikio tena, akalitoa tena. Wimbo ule ule, haupandi haushuki. Hapo akakikumbuka kile kitufe na mlango wa kioo ukifunguliwa.

"Obedi!" akaita. "Obedi, shuka!"

Sote tulimsikia. Wanawake wa kokoto walimsikia, mtu wa baiskeli aliyekuwa barabarani alisimamisha baiskeli. Mimi nilimsikia kwa sikio langu moja. Aliyekuwa hasikii ni Obedi.

Kumbe hata yeye. Kijana wa umri ule, na nyundo zilikwisha kula masikio yake na hakuna aliyejua, kwa sababu nani angempima Obedi? Alipopaza sauti tulisema ndiyo tabia yake. Alipocheka baada ya wengine kumaliza kucheka tulisema anapenda kicheko.

Masele akaita. Luhaga akaita. Watu wote wakawa wanapiga mayowe, na kule juu Obedi ametupa mgongo, anatafuta mahali pa kuweka tindo. Chenge akaokota kijiwe akamrushia. Kikampiga begani. Obedi akageuka, akamwona baba yake mkubwa chini akirusha mikono, akafungua mikono yake miwili na yeye, akacheka.

"Baba mkubwa! Leo unataka vita?"

Askofu akakohoa.

Nimesema sauti yake ni pu, basi. Ni hivyo hivyo. Haikuwa kubwa. Jiwe likagawanyika katikati, taratibu, na nusu aliyosimama Obedi ikaondoka naye.

Tulimtoa kwa mitaimbo. Alikuwa bado anapumua tulipomweka kwenye lori la mawe, na Bernadeta alipanda akampakata kichwa, akimsemesha njia nzima sikioni. Hawakufika mjini.

Tulimzika Obedi kwao, upande wa Magu. Masele alihudhuria, alishika jembe kama wengine, alilia. Simsingizii, alilia kweli. Siku chache baada ya matanga moshi ukawaka tena mlimani.

Chenge hakurudi. Bernadeta alimvusha hadi Kamanga, kwa dada yake, na huko nilimfuata. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe dogo pembeni mwa gati, mahali ambapo maji hupiga mawe bila kukoma na vivuko huja na kuondoka. Nikakaa mbele yake ili aone mdomo wangu.

"Hapa kinapungua," akasema. Hakunisalimia. "Yule Mfaransa wako alisema kweli. Maji yakipiga, kinapungua."

"Nashukuru kusikia hivyo."

"Ziwa likitulia, kinarudi. Kikirudi, nanyanyua mkono. Nauona kabisa unapanda. Siwezi kuushusha."

Nilikaa naye mpaka kivuko changu kikaita. Nilipokuwa nanyanyuka akanishika shati.

"Yule binti wa hospitali. Mwambie mimi si mkulima."

Nilikwenda nikamwambia. Hellen aliniachia nisimulie yote, mkono wake uko mdomoni. Alipouondoa hakunipa pole. Aliuliza, "Kule wamebaki wangapi?" Nikamwambia kundi zima, na makundi mengine mlima ule, na milima mingine huku na huku mpaka Usagara. Akasema, "Walete. Asubuhi yoyote. Nitawapima mwenyewe, ila siwezi kuwapima nisiowaona."

Nimerudi machimboni na ujumbe huo. Masele anasema watu wakishuka kazini lori litakwenda kupakia kwa mwingine. Na msikilizaji mpya amekwisha kupatikana. Ni Luhaga, yule aliyegonga Askofu. Nilimfuata anapokunywa uji, nikasimama nyuma yake, nikamwita kwa jina. Akaendelea kunywa. Nikazunguka mbele.

"Luhaga, masikio yako mazima?"

"Mazima, mzee wangu," akasema, akinitazama midomo. "Shikamoo."

Leo asubuhi nimeona matairi yakipandishwa mlimani. Moto unawaka. Jiwe litapoa, Luhaga atalaza sikio, na kuna kijana ambaye hata jina lake hujawahi kuuliza anasubiri mkono unyanyuke.

Sasa wewe. Ulisema hukujua, sasa unajua. Acha kusema maskini Obedi, yeye hasikii. Nyanyuka. Kama unajenga, piga simu sasa hivi kwa fundi wako umwambie jiwe la kundi ambalo msikilizaji wake hajapimwa hulitaki kwenye kiwanja chako, na kwamba kila mpiga nyundo awe na kitu masikioni kabla lori halijageuza. Kama una lori, lizime. Kama una kiti kwenye ofisi ile, toka kwenye semina. Kama huna chochote kati ya hivyo, una miguu: njoo Igoma, shuka, pandisha mlima kuelekea kwenye moshi, tutamshika Luhaga mkono mmoja wewe, mmoja mimi, tumpeleke kwa Hellen kabla jiwe halijapoa.

Usiniambie kesho. Moto nauona kutoka hapa nilipo. Njoo sasa.